Pimeni mabango yetu, msiyasome

Waheshimiwa Madiwani, na ninyi maofisa wa mipango miji mlioandaa rasimu ya sheria ndogo ya mabango ya muda kwenye makazi,

Nawasalimu kwa heshima. Rasimu yenu nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi, na nawaandikia sasa kwa sababu sheria ikishapita kuirudia ni kazi. Mimi si mwanasheria wala sigombei cheo. Nina nyumba, nina mjukuu asiyesikia, na nina kibao kimoja kilichonifanya nilifuatilie jambo hili kuliko nilivyodhani nitawahi kulifuatilia.

Kibao hicho nilikitengeneza mwenyewe. Ni kipande cha plaiwudi, upana sentimita 60 na kimo sentimita 40. Nilikipaka rangi nyeupe mikono miwili, kikakauka usiku kucha, asubuhi nikaandika kwa brashi: POLEPOLE. HAPA KUNA MTOTO ASIYESIKIA HONI. Nikakifunga kwa waya kwenye geti langu, ndani ya mpaka wangu. Mjukuu wangu ana miaka 6 na hajasikia sauti yoyote tangu azaliwe. Barabara yetu ni nyembamba, madereva wameizoea, na mazoea yao ni kupiga honi wakijua aliye mbele atasogea. Yeye hasogei. Si ukaidi, hajui kama kuna gari. Kibao kilipowekwa nilikaa barazani nikiangalia, na magari yakaanza kupunguza mwendo yakifika kwenye geti. Dereva mmoja alisimama, akateremsha kioo, akaniuliza mtoto anaitwa nani. Tangu siku hiyo akipita humpungia mkono, na mtoto humpungia.

Kilikaa siku 11. Siku ya 12 walikuja maofisa wawili, watu wa adabu, wakaniambia kibao hakina kibali na kiondolewe kabla ya jioni. Nikawaonyesha ukuta wa pili, ambako bango la mgombea lilikuwa bado linaning'inia miezi mitatu baada ya kura kuhesabiwa, kona moja imeshachanika. Mbele kidogo kulikuwa na ubao wa nyumba inayouzwa, mkubwa mara tatu ya changu. Sikuwa nawachongea majirani, nilitaka kuelewa. Nikajibiwa kwamba lile la mgombea ni la uchaguzi na lina kifungu chake, ule ubao ni wa mauzo na una kifungu chake, ila changu hakina kifungu. Kimo kwenye “mengineyo”, na mengineyo ni lazima yaombewe kibali.

Niseme ukweli wote. Pembeni ya maandishi nilikuwa nimechora pembetatu yenye ukingo mwekundu, kama zile za barabarani. Mmoja wa maofisa aliniambia hilo halifai hata kidogo, kwa kuwa alama za barabarani zina watu wake wa kuziweka, na kila mtu akijichorea yake dereva atashindwa kujua ipi aitii. Alisema kweli, na nilimshukuru. Ile pembetatu niliipaka rangi nyeupe siku ileile. Sababu aliitoa kwa sentensi mbili, nami nikaielewa palepale. Kwa lile la mengineyo sikupewa sababu, na rasimu yenu mpya imelibeba vilevile lilivyo.

Kifungu cha nne kimeyagawa mabango ya makazi mafungu matano: ya kuuza na kupangisha, ya uchaguzi, ya sherehe na ibada, ya mafundi walio kazini, na mengineyo. Kila fungu limepewa ukubwa wake na muda wake. Ubao wa kuuza nyumba hauhitaji kibali, unakaa mpaka nyumba iuzwe. Bango la uchaguzi limeruhusiwa kuwa kubwa kuliko yote. Mengineyo yamepewa siku 7, kibali cha maandishi, na ukubwa usiozidi ukurasa wa daftari. Sasa tazameni ni akina nani waliomo humo. Yumo anayemtafuta mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetoka nyumbani alfajiri. Yumo mwenye mgonjwa ndani, anayeomba wapitao wapunguze sauti. Yumo asiyetaka mtaro wa maji machafu upite mlangoni kwake. Yumo anayetaka kuwashukuru majirani waliomzimia moto. Hawa hawana pesa ya tangazo la redio, na wengi wao wanachotaka kusema kinawahusu watu wa mtaa mmoja tu. Geti ndiyo nafasi waliyonayo.

Kuna tatizo kubwa zaidi ya hilo. Ofisa wenu akifika kwenye geti, hawezi kujua bango ni la fungu gani mpaka alisome. Akishalisoma, amekuwa hakimu wa maneno. Chukueni mabango mawili ya kitambaa, yenye urefu mmoja na rangi moja, yamefungwa kwa kamba aina moja kwenye nyumba mbili zinazotazamana. La kwanza linasema: “Mchagueni fulani, atatuletea maji.” La pili linasema: “Tunataka maji.” Kwa rasimu yenu la kwanza ni halali na litakaa majuma mengi. La pili ni kosa tangu siku linapotundikwa, maana limezidi ukurasa wa daftari na halina kibali. Upepo unaoyapiga ni uleule. Kama yanaziba njia, yanaziba sawa. Kilichotofautiana ni kwamba moja linamsifu mgombea na jingine linaomba maji bila kumsifu mtu. Nalisema hili kwa heshima, Waheshimiwa, lakini lazima niliseme: watakaoipigia kura sheria hii ndio hao hao watakaotundika mabango ya aina ya kwanza.

Wenzetu wamelipitia jambo hili, na yaliyowapata yameandikwa. Katika mji wa Gilbert, jimbo la Arizona huko Marekani, kulikuwa na kanisa dogo lisilo na jengo lake, likisali leo kwenye shule, kesho kwingine. Mchungaji wake, Clyde Reed, na waumini wake walikuwa wakiweka vibao vya kuonyesha ibada itakuwa wapi, wakiviweka Jumamosi asubuhi na kuviondoa Jumapili mchana. Kanuni za mji ziliyagawa mabango kwa yanayosema, kama rasimu yenu. Bango la kutangaza wazo au msimamo liliruhusiwa kufika futi 20 za mraba, na halikuwekewa ukomo wa siku. Bango la uchaguzi kwenye makazi liliruhusiwa futi 16 za mraba. Kibao cha kuelekeza watu kwenye shughuli kilipewa futi 6 tu, kisiwekwe zaidi ya saa 12 kabla ya shughuli, na kiondolewe ndani ya saa moja baada yake. Kanisa lilikamatwa na kanuni hiyo mara mbili. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, na mwezi Juni 2015 majaji wote tisa wakakubaliana kwamba kanuni zile haziwezi kusimama. Hoja iliyobeba hukumu ni nyepesi kueleza: ikiwa namna ya kulitendea bango inategemea maneno yaliyomo, serikali imeshaingia kwenye kuchagua maneno, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Miaka 21 kabla ya hapo, mahakama ileile ilikuwa imeamua jambo linalofanana zaidi na la kwangu. Ladue ni kitongoji cha St. Louis, jimbo la Missouri. Mwezi Desemba 1990 mama mmoja, Margaret Gilleo, aliweka kwenye bustani ya nyumba yake kibao cha kupinga vita vya Ghuba. Kikatoweka. Akaweka kingine, kikaangushwa. Alipokwenda polisi kulalamika akaambiwa kuwa mjini humo mabango kama hayo hayaruhusiwi. Baadaye akabandika karatasi ya kawaida ya kuandikia kwenye dirisha la ghorofani, maneno machache tu ya kutaka amani. Hata hiyo ilikuwa imekatazwa, wakati ubao wa nyumba inayouzwa ulikuwa ruksa. Mwaka 1994 majaji wote walimpa haki. Walisema bango la nyumbani halina mbadala rahisi, kwa sababu ni la bei ndogo na kwa sababu linamwonyesha msemaji ni nani. Hili la pili ndilo lililonigusa. Maneno yaleyale kwenye kikaratasi kilichookotwa njiani hayana uzito wa maneno yaliyo kwenye geti la mtu unayemjua, unayemsalimu kila asubuhi.

Hukumu hizo zinafuata katiba ya nchi hiyo, na kila nchi ina yake. Ninachochukua mimi ni hoja, kwa sababu hoja inaeleweka popote penye geti na halmashauri.

Naijua hofu yenu, na ninayo pia. Sitaki mtaa uliojaa matambara. Nimeona nyumba zilizofunikwa mabango mpaka madirisha hayaonekani, na plastiki iliyokatika ikiziba mtaro kabla ya mvua. Lakini angalieni kila madhara kati ya hayo, mwone kama kuna hata moja linalotokana na maneno. Madhara yanatokana na ukubwa, mahali, ufungaji, mwanga na muda. Vyote hivyo vinapimika kwa futi kamba na kalenda.

Anzeni na upepo, ambao rasimu haikuutaja kabisa. Msukumo wa upepo haupandi sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Bango la plastiki la mita 3 kwa mita 1, likipigwa na upepo wa kilomita 72 kwa saa, linavutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 au zaidi. Ni kama mtu mzima amening'inia kwenye kamba mbili na msumari. Kama limefungwa kwenye uzio wa mbao zilizokwisha kuoza, uzio unalala barabarani. Kwa hiyo andikeni eneo la juu kabisa, andikeni kwamba kila kona ifungwe, andikeni kwamba bango lililolegea liondolewe hata kama muda wake haujaisha. Na hilo liwe kwa mgombea, kwa bibi harusi na kwangu.

Kisha kuona, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi kwa sababu ya yule mtoto. Jicho la dereva wa gari dogo, akiwa ameketi, liko juu ya ardhi kwa mita moja na kitu kidogo. Mtoto wa miaka 6 amesimama ana kimo kinachokaribiana na hicho. Ubao uliochomekwa ardhini kwenye kona ya uzio, pale gari linapotoka nyumbani kuingia barabarani, unaweza kumficha mtoto mzima mpaka awe mbele ya bampa. Rasimu inakataza mabango “yanayoharibu mandhari” mara nne, nimehesabu, na haikutaja hata mara moja kona za kutokea magari. Geuzeni hapo. Wekeni eneo la wazi kwenye kila kona na kila mlango wa gari, lipimwe kwa mita, lichorwe kwa picha kwenye kiambatisho ili hata fundi wa mabango alielewe, na ndani ya eneo hilo pasisimamishwe kitu cha kimo hicho, kiwe kinasema lolote. Hapo kibao changu kikikutwa kwenye kona nitakihamisha mwenyewe bila kuuliza swali.

Kuhusu ukubwa wa ukurasa wa daftari, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji kuona, kusoma, kuelewa na kukanyaga breki. Maandishi yanayotosha kwenye ukurasa wa daftari atayaona akiwa ameshalipita geti. Kuruhusu kibao kisichoweza kusomeka na yule kinayemkusudia ni sawa na kukikataza.

Nani, basi, apewe kiasi gani? Pendekezo langu ni kwamba kila nyumba ipewe jumla ya eneo la mabango ya muda, tuseme mita 1 ya mraba kwa siku za kawaida, na aishiye humo aigawe apendavyo. Akitaka bango moja kubwa, sawa. Akitaka matatu madogo, sawa. Asiombe kibali kwa kilicho ndani ya kipimo hicho. Nyakati za uchaguzi, ambapo kila mtu ana la kusema, ongezeni eneo hilo kwa nyumba zote na kwa maneno yoyote, kisha lirudi lilivyokuwa siku kadhaa baada ya kura. Kwa njia hiyo mgombea anapata nafasi yake, na anayetaka maji anapata yake.

Muda nao uhesabiwe kutoka kwenye tukio, kama bango linatangaza tukio. England wanayagawa matangazo kwa aina, jambo ambalo mimi sikubaliani nalo, lakini hesabu yao ya siku inaeleweka na mtu yeyote. Kwa kanuni zao za 2007, tangazo la shughuli ya mtaa lisizidi mita za mraba 0.6, linaweza kuwekwa siku 28 kabla ya shughuli na liondolewe ndani ya siku 14 baada yake. La uchaguzi nalo siku 14 baada ya kura kufungwa. Laiti kifungu kama hicho kingekuwa kinafuatwa kwetu, lile bango lililochanika lisingekuwepo miezi mitatu. Kwa bango lisilo na tukio, kama langu, wekeni muda mrefu unaoweza kuanzishwa upya kwa kuandikisha tu. Mjukuu wangu hatapona uziwi ndani ya siku 7.

Taa za sikukuu na mapambo mmeyaandikia kurasa mbili, ambazo naona zingetosha mistari minne: zisimulike dirisha la jirani, zisipepese kama taa za tahadhari za magari, waya wa umeme usivuke njia ya waendao kwa miguu, na zizimwe saa fulani ya usiku.

Nguzo za umeme na miti ya barabarani si za makazi, lakini bango la nyumbani likikosa nafasi huhamia huko, na ndiyo maana nazitaja. Mafundi wa umeme hupanda nguzo hizo, na misumari iliyoachwa huchana glavu na kuwatelezesha. Mkibana sana geti la mtu, mtaongeza misumari kwenye nguzo. Hilo nimeliona kwa macho yangu mtaani kwetu.

Lipo neno moja kwenye rasimu ambalo nahisi liliandikwa bila kufikiriwa. Kila mahali mmeandika “mmiliki”. Mpangaji je? Anayeishi chumba kimoja na watoto wake ana haki ndogo ya kusema kuliko mwenye nyumba ambaye huenda anaishi mji mwingine? Andikeni “anayeishi hapo”. Makubaliano kuhusu kutoboa ukuta yabaki kati ya mpangaji na mwenye nyumba wake, lakini karatasi dirishani au kitambaa kwenye ukingo wa roshani yake kisihitaji ruhusa ya halmashauri.

Mtaniuliza: na mtu akiandika matusi, au uchochezi, au akamzulia jirani yake uongo? Hayo tayari yana sheria zake na mahakama zake. Aliyekashifiwa ashtaki, na hakimu asikilize pande zote mbili. Ofisa aliyekuja na gari la kubebea mabango hana muda wala mamlaka ya kusikiliza pande mbili, na si haki kumtwisha mzigo huo akiwa peke yake mlangoni kwa mtu mwenye hasira.

La mwisho ni utekelezaji. Kifungu cha 11 kinamruhusu ofisa kulichukua bango papo hapo na kuliharibu. Kwa bango linaloelekea kuangukia watu, naunga mkono kulichukua papo hapo. Kwa mengine yote, naomba notisi ya maandishi inayotaja kipimo kilichovunjwa, kwa namba, na siku kadhaa za kurekebisha. Notisi isiyoweza kutaja namba isitolewe. Na bango lililochukuliwa lihifadhiwe, lirudishwe kwa mwenyewe. Wengine wameliandika kwa mkono wakilia.

Kibao changu kiko stoo, kimeegemezwa ukutani nyuma ya baiskeli ya mtoto. Kila asubuhi kabla hajatoka kwenda shule namshika mkono mpaka tuvuke barabara, nami nina miaka 67, na zipo siku magoti hayaniruhusu. Nimesikia mtapokea maoni ya wananchi kabla ya kura ya mwisho. Siku hiyo nitakuja na kibao, na futi kamba nitakuja nayo. Nitakiweka mezani kikiwa kimegeuzwa, maandishi yakitazama chini. Naomba mkipime kwanza, mniambie kama kinafaa, ndipo nikigeuze.

Wenu katika kuujenga mji,
Mkazi, babu wa mtoto wa miaka 6